UZI: Kusomea uuguzi wa afya ya akili bila kuacha kazi – wauguzi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi tujadiliane

#1 – Mwanzilishi wa uzi (Nakuru)

Salamu zangu kwenu nyote, wauguzi wenzangu na wengine mtakaopitia hapa. Nafungua uzi huu kwa sababu kuna swali ambalo huulizwa kila mara kwenye makundi yetu, likajibiwa kwa sentensi mbili, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mishahara: je, muuguzi aliyekwisha kuajiriwa, mwenye familia na mkopo wa sacco, anaweza kusomea uuguzi wa afya ya akili huku akiendelea na zamu zake? Mimi ni muuguzi wa stashahada katika kituo kimoja cha afya nje ya jiji la Nakuru, na nimo katikati ya masomo hayo kwa utaratibu wa kuitwa chuoni kwa vipindi na kurudi kazini. Anaweza. Ila anayeanza kwa kuuliza karo na orodha ya vitabu ameanza na la mwisho. La kwanza kuulizwa ni rosta, yaani ratiba ya zamu.

Masomo haya yana nadharia na vitendo, na sehemu hizo mbili hazifanani kabisa kwa jinsi zinavyokula muda. Nadharia hukubali kubanwa. Mtu husoma dalili za skizofrenia ndani ya matatu ya Njoro, husikiliza mhadhara uliorekodiwa huku akisonga ugali, na mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu maradhi ya akili katika vituo vya kawaida, toleo la 2016, hupakuliwa bure na kusomwa kidogo kidogo usiku watoto wakishalala. Vitendo havikubali kubanwa hivyo. Kiini cha kazi ya muuguzi wa afya ya akili ni kulinganisha: mgonjwa huyu jana alikuwaje na leo yukoje, usingizi wake, usafi wake, kasi ya maneno yake, kama anakutazama usoni au anatazama dirishani mahali pasipo na mtu. Ukifika wodini Jumamosi moja moja, huna jana ya kulinganisha nayo. Niliwahi kumhudumia kijana aliyekaa bila kunijibu neno kwa siku kadhaa mfululizo, nami nikawa naketi karibu naye, nasema jina langu, naondoka. Ilipofika Alhamisi alinisogezea kikombe chake nimwongezee chai, na mazungumzo yetu yakaanzia kwenye sukari ya chai ile. Kwa zamu za kuruka ruka nisingemfikia.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba utafute kwanza majuma ya mfululizo, uyahakikishe kwa maandishi, ndipo uombe nafasi chuoni.

Kuhusu njia yenyewe, wengi wetu tulioko kazini tulipitia mtihani wa KCSE tukiwa na wastani wa C au zaidi na alama nzuri ya Biolojia, tukasoma stashahada ya uuguzi na afya ya jamii, tukasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Juu ya hapo ndipo huja stashahada ya juu ya uuguzi wa afya ya akili, ambayo Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, kimeifundisha kwa miaka mingi, au shahada ya uzamili kwa aliyekwisha kupata shahada ya kwanza. Chuo chochote kinachokuahidi masomo ya wikendi, kiulizie kwa Baraza kabla hujalipa hata shilingi ya fomu: je, programu hiyo imeidhinishwa, na je, mwanafunzi wake atapewa nambari ya indeksi? Bila indeksi hutaketi mtihani wa Baraza, na cheti kitabaki kuwa pambo la ukutani.

Karibuni tuchangie.

#2 – Mchangiaji, Kisumu

Asante sana, dada, kwa kulileta jambo hili kwa utaratibu. Mimi niko wodi ya akina mama wanaojifungua, na haja yangu ya kusomea afya ya akili ilitokea humo humo, wala haikutokea wodi ya wagonjwa wa akili. Tunawaruhusu akina mama warudi nyumbani shinikizo la damu likiwa sawa na mtoto ananyonya, lakini yupo anayekuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto huyu angezaliwa kwa mtu mwingine, na hakuna mahali katika faili pa kuandika maneno hayo. Nilipojua kwamba kuna dodoso la Edinburgh lenye maswali 10 tu, ambalo mama anaweza kulijaza akiwa anangoja chanjo ya mtoto, la kupima huzuni baada ya kujifungua, nilijiuliza kwa nini hatulitumii kila siku.

Nina maswali mawili. La kwanza, nitazungumzaje na msimamizi wa wodi ambaye tayari ana upungufu wa wauguzi na anaona kila ombi la masomo kama ukorofi? La pili, nikimaliza, je, ni lazima nihamie wodi ya wagonjwa wa akili, au naweza kubaki na akina mama wangu? Nina watoto wawili na mume anayefanya kazi Busia, kwa hiyo naomba majibu ya mtu anayejua maisha ya rosta.

#3 – Mwanzilishi wa uzi

Dada wa Kisumu, la msimamizi nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linalowakwamisha wengi.

Usimwendee na ombi la ruhusa. Mwendee na rosta uliyokwisha kuiandika. Keti na wenzako wawili au watatu, mkubaliane nani atachukua zamu zako za mchana katika majuma yako ya mazoezi na wewe utamlipa kwa zamu zipi, hasa zamu za usiku na za sikukuu ambazo kila mtu huzikwepa. Mimi nimefanya kazi Krismasi na Pasaka kwa mkataba wa namna hiyo, na sijutii. Msimamizi akiona kwamba kila kisanduku cha rosta kina jina la mtu, hoja yake ya upungufu inapungua nguvu. Akikubali, mwombe aandike, hata kama ni mistari miwili kwenye daftari la wodi yenye sahihi yake, maana wasimamizi huhamishwa na anayekuja hafungwi na maneno ya mdomo.

Jambo moja nalisisitiza: usitoke zamu ya usiku ukaingia mazoezini asubuhi ileile. Najua watu hufanya hivyo, na najua hesabu yake inavutia kwa sababu siku inaonekana haikupotea. Lakini wodi ya afya ya akili inataka macho yaliyolala. Ni wewe unayehesabu vijiko baada ya chakula cha mchana, ni wewe unayehakikisha kwamba mgonjwa amemeza kidonge na hakukificha chini ya ulimi, na ni wewe unayetakiwa kutambua kwamba sauti za ukumbini zimebadilika kabla kiti hakijarushwa. Siku ya kwanza baada ya zamu za usiku iache iwe ya kulala.

Kuhusu likizo ya masomo, tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, mwenye kuamua ni kaunti. Anayesoma huku akifanya kazi mara nyingi haonekani kuwa mwanafunzi machoni pa ofisi, kwa hiyo wengi wetu huzitumia likizo zetu za mwaka kwa vipindi vya chuoni. Ukibahatika kupewa likizo yenye mshahara, soma mkataba wa kuitumikia kaunti baada ya masomo kabla ya kutia sahihi, na uangalie hasa unatakiwa kulipa nini ukihama mapema.

Swali lako la pili namwachia mkongwe wetu wa Kakamega ambaye najua husoma hapa kimyakimya.

#4 – Mchangiaji, Kakamega

Nimeitwa, nami nimeitika. Mimi nimestaafu majuzi baada ya miaka mingi katika fani hii, na nitamjibu binti yangu wa Kisumu kwanza: hulazimiki kuhama kwa sababu ya elimu, ingawa unaweza kuhamishwa kwa sababu ya amri. Muuguzi wa afya ya akili katika wodi ya kujifungulia, katika kliniki ya VVU au katika idara ya majeruhi ana kazi ya kutosha siku nzima. Watu wetu hawaji hospitalini kusema wana huzuni. Huja na kichwa, na mgongo, na moyo unaodunda, na usingizi uliopotea, wakapewa dawa ya maumivu na kurudi tena mwezi ujao. Anayejua kuuliza ndiye anayeukata mzunguko huo.

Sasa niseme neno juu ya yale mtakayofundishwa. Vijana huja wakidhani watafundishwa kuzungumza tu. La kwanza nililowafundisha wanafunzi wangu ni kutoamini haraka kwamba ugonjwa ni wa akili. Huku kwetu karibu na Ziwa malaria ipo mwaka mzima, na malaria kali inayopanda kichwani humfanya mtu mzima aseme na watu wasiokuwepo. Na si malaria peke yake: mzee mmoja aliletwa na wanawe mikono ikiwa imefungwa kwa leso, wakisema amerukwa na akili tangu alfajiri, na mmoja wao alikwisha kumpigia simu mchungaji. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni ilhali asubuhi ilikuwa ya baridi na mvua. Mwanafunzi aliyekuwa nami alianza kumuuliza leo ni siku gani na rais ni nani, kama kitabu kinavyosema. Nikamwambia aweke karatasi chini, achukue glukometa, kipimo cha sukari ya damu. Ilisoma 1.9, sukari ya chini mno. Mzee alikuwa amemeza vidonge vya kisukari usiku na kulala bila kula. Tulipomtia dekstrosi, yaani maji ya sukari, kwenye mshipa, kabla chupa haijafika nusu alifumbua macho, akauliza kwa ukali ni nani aliyemfunga leso ya mkewe.

La pili ni dawa. Mtu akipewa haloperidoli, shingo yake inaweza kupinda upande mmoja na macho kugeuka juu, na ndugu wakiona hivyo husema mapepo yamerudi kwa nguvu zaidi, wakamwondoa hospitalini. Muuguzi aliyesoma anajua kwamba hayo ni madhara ya dawa yanayotulizwa kwa benzihekzoli, naye huwaeleza ndugu mapema, siku ileile dawa inapoanza, kabla hawajaogopa. Vivyo hivyo klopromazini humfanya mtu apate kizunguzungu anaposimama ghafla na ngozi yake iungue upesi kwa jua. Mkulima wa miwa asipoambiwa hilo, ataiacha dawa msimu wa kwanza wa palizi. Na wale wa sindano ya flufenazini ya kila mwezi wanahitaji mtu mwenye daftari la majina na simu mkononi, kwa sababu aliyekosa sindano hajisikii mgonjwa siku hiyo wala juma hilo. Atarudi kwenu baadaye, akiletwa.

Someni pia sheria, tena kwa makini. Sheria ya Afya ya Akili ni ya mwaka 1989, nayo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Haki ya mgonjwa kuridhia matibabu, kushirikishwa katika mpango wa matibabu yake na kutunziwa siri sasa imeandikwa waziwazi. Aliyejaribu kujiua, ambaye zamani tulimuuguza huku askari akiketi kando ya kitanda kwa sababu ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, sasa hali yake ni nyingine: Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Muuguzi asiyejua hayo ataendelea kumwita askari kwa mazoea.

#5 – Mchangiaji, Vihiga

Hamjambo. Mimi si muuguzi, ni mwalimu wa shule ya upili na ndiye mlezi wa idara yetu ya ushauri nasaha. Nina miaka zaidi ya thelathini, nina C+ katika KCSE na Biolojia niliipita vizuri. Nimekuwa nikitamani kuingia moja kwa moja katika uuguzi wa afya ya akili kwa masomo ya jioni huku nikifundisha. Je, inawezekana, au najidanganya?

#6 – Mwanzilishi wa uzi

Mwalimu, nakuheshimu kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Alama zako zinatosha na umri si kizuizi. Kinachokuzuia ni saa. Mafunzo ya msingi ya uuguzi hukupitisha wodi ya upasuaji, ya watoto, ya kujifungulia na mashinani, mchana na usiku, na hakuna mwalimu mkuu atakayekuachia vipindi vya Kidato cha Nne ili ukakae usiku wodini. Mimi niliye kazini nimeweza kwa sababu misingi hiyo niliimaliza zamani na hospitali ndiyo kazi yangu yenyewe. Wewe ungelazimika kuacha kufundisha kwa miaka mitatu hivi ya kwanza.

Ikiwa linalokuvuta ni kuwasikiliza vijana, fikiria saikolojia ya ushauri, ambayo ina sheria yake tangu mwaka 2014, vyuo vingi huifundisha wikendi na likizoni, nayo itakujengea juu ya kazi uliyo nayo. Ikiwa linalokuvuta ni wodi na dawa, basi weka akiba, uombe likizo isiyo na malipo, uingie kikamilifu. Yote mawili ni mema.

#7 – Mchangiaji, mzaliwa wa Kisumu aliyeko Uingereza

Nimeufuatilia uzi huu nikiwa kwenye basi la kwenda kazini, na naona ni vyema niongeze jambo kwa sababu wengi husikia kwamba huku ni rahisi. Uingereza mtu huchagua tawi tangu mwanzo, na uuguzi wa afya ya akili ni mojawapo ya matawi manne, pamoja na watu wazima, watoto na ulemavu wa kujifunza. Masomo ya muda yapo, na Open University ni miongoni mwa vyuo vinavyojulikana kwa hilo, wanafunzi wake wengi wakiwa ni wasaidizi wa wauguzi ambao waajiri wao wenyewe wamewaingiza. Lakini saa hazipunguzwi hata moja. Ni saa 4,600, nusu darasani na nusu katika vitendo, kwa anayesoma kikamilifu na kwa anayesoma kidogo kidogo. Tofauti ni kwamba huyu wa pili huzitandaza kwa miaka mingi zaidi. Nimewaona waliokwama, na hawakukwama kwenye insha. Walikwama kwenye mazoezi, kwa sababu ya malezi ya watoto na kodi ya nyumba.

Makubaliano ya mwaka 2021 kati ya Kenya na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya yamewafanya watu wengi waone elimu hii kama tiketi ya ndege. Sina neno dhidi ya anayesafiri, maana nami nilisafiri. Ila niseme kwamba kuongea na mgonjwa wa akili kwa lugha ambayo si ya mama yake ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Mzaha mdogo ambao kwetu Kisumu, mtaani Kondele, ungemfungua mtu kinywa, huku naupima mara tatu kabla ya kuutoa, na mara nyingi naumeza.

#8 – Mchangiaji, Nakuru

Nasoma haya yote kwa heshima, lakini nani atasema ukweli kuhusu kurudi kazini? Namfahamu mwenzetu aliyejilipia karo yote, akafaulu vizuri, na kaunti ikamrudisha wodi ya watoto, cheo kilekile, mshahara uleule. Jopo la kitaifa lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Janga lililopendekezwa linatibiwa na nani, ikiwa waliosomea wanawekwa kubadilisha nepi?

#9 – Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, hilo ni kweli na ninalijua. Nyongeza haiji yenyewe, na anayesoma kwa ajili ya nyongeza peke yake atavunjika moyo. Hata hivyo sikubaliani nawe kuhusu wodi ya watoto. Mama anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto mwenye kifafa kwa juma la tatu ni mgonjwa wa nani?

Kuna jambo ambalo sisi wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa na jopo. Bwawa la Solai lilipasuka Mei 2018, na maji ya Mai Mahiu yakaja usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Na kabla ya hayo kulikuwa na ghasia za baada ya uchaguzi za mapema mwaka 2008, ambayo mpaka leo kuna watu kituoni kwangu wakisikia firimbi usiku hawalali tena. Watu hao hawatakwenda Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo ipo Nairobi tangu mwaka 1910 na ambayo kwa wengi bado ni jina la kutishia watoto. Watakuja kituo cha afya kilicho karibu, waseme wana vidonda vya tumbo. Ndiyo maana nimechagua kuendelea na kituo changu na sikuomba uhamisho wa kwenda hospitali kubwa.

Ushauri wa vitendo kwa anayehofia kusahaulika: unapoomba ruhusa ya masomo, andika katika barua ileile huduma utakayoianzisha ukimaliza, siku na mahali. Mimi niliandika kliniki ya Jumatano alasiri, chumba cha uzazi wa mpango kinapokuwa wazi. Haijawa ahadi ya serikali, lakini mganga msimamizi amekwisha kuniuliza mara mbili itaanza lini.

#10 – Mchangiaji, Kisumu

Nimewaelewa nyote, na Mama wa Kakamega nakushukuru kwa namna ya pekee. Nimekwisha kuongea na wenzangu wawili, mmoja amekubali kuchukua zamu zangu za mchana iwapo nitamfanyia usiku mwezi wa Agosti watoto wake wakiwa likizoni. Kesho namwendea msimamizi. Je, niende na nini mkononi, mbali na hiyo rosta?

#11 – Mwanzilishi wa uzi

Nenda na nakala ya leseni yako iliyo hai, barua ya chuo inayotaja tarehe za vipindi vyote vya mwaka mzima, na jibu la Baraza linalothibitisha kwamba programu imeidhinishwa. Usiende siku rosta ya mwezi ujao inapobandikwa. Nenda juma moja kabla, wakati majina bado yako kwenye penseli. Na huyo mwenzako wa Agosti, naye atie sahihi.